Picha ya Aproni

Mkurugenzi wa hospitali aliinua picha ya eksirei dirishani, akakunja uso. "Huyu amevunjika kila mahali. Yuko wodi gani?"

"Si mgonjwa, bosi," alisema mwenyekiti wa chama cha wapiga eksirei. "Ni aproni yetu ya risasi, ya kutukinga na mionzi. Barua tatu tumeandika, mnatupiga danadana."

"Mbona naiona nzima?" aliuliza mkurugenzi, akiitazama aproni iliyokuwa kitini.

"Kizima ni kitambaa tu. Risasi ya ndani imejaa nyufa."

Mwenyekiti, mama wa watu, aliinyanyua aproni kutoka kitini. Alimvisha mkurugenzi aproni ile nzito juu ya suti, akamfunga mkanda kama mtoto wa chekechea, kisha akaibandika picha juu yake. Ufa mrefu kuliko yote uliangukia chini ya kitovu.

"Usivue," akasema. "Mgonjwa wa kwanza yuko kwenye meza ya eksirei. Twende."