Chupa Iliyobaki Imejaa

Siku Fundi alipoanguka, kiatu cha mteja kilikuwa bado magotini mwake, soli imeshonwa nusu, sindano inaning'inia kwenye uzi. Mkewe alikitoa taratibu akakiweka juu ya benchi, kana kwamba mwenyewe angerudi baada ya chai kukimalizia.

Hospitalini daktari alimwambia, "Ni damu, mama," kisha akaanza kueleza. Mke hakungoja maelezo. Habari hiyo aliijua tangu siku wifi yake alipoingia na ile chupa.

Wifi aliuza vipodozi, na kila kilichomng'arisha yeye alitaka kiwang'arishe wote. "Vitamini E, kaka. Ngozi, moyo, macho, vyote humo humo. Meza hivi miezi miwili uone kama wifi hatakuonea wivu."

Vilikuwa vidonge laini vya mafuta, rangi ya dhahabu, ndani ya chupa nyeusi. Fundi alivipenda kabla hajavionja. Dawa yake ya kuzuia damu kuganda, aliyopewa baada ya mguu kuvimba, haikuwa na sura yoyote: vidonge vyeupe, vikavu, kila kimoja na mstari katikati. Tena ilimwaibisha kazini. Kisu kikimgusa kidole kidogo tu, damu inapita kitambaa cha kwanza na cha pili, wateja wanatazama.

"Dawa gani hii," alinung'unika, "inamfanya mtu mzima avuje kama bomba bovu?"

Mkewe hakupenda kubahatisha. Aliibeba chupa nyeusi mpaka duka la dawa. Muuzaji akaisoma, akatikisa kichwa. "Kama anatumia dawa ya damu, hivi asimeze bila daktari wake kujua. Vikikutana, damu inaweza kumtoka ndani kwa ndani. Na hiyo dawa ya damu, mama, hata siku moja asi…"

"Nimeelewa, mwanangu. Asante." Muuzaji alikuwa bado anaongea, yeye yuko barabarani.

"Baba watoto," alisema hata kabla ya kuvua viatu, "havikai pamoja. Ukimeza vyote viwili unakufa."

"Kwa hiyo kimoja tu."

"Kimoja tu. Niapie."

"Naapa. Kimoja tu," alisema Fundi, na kwa kiapo hakuwa na mchezo.

Chupa alikataa kuirudisha. "Nimrudishie dada yangu zawadi? Atanuna mpaka mwakani. Iache kabatini, ikae kama pambo."

Ikakaa. Ila pambo lile lilimnyima mke raha. Kila akifuta vumbi aliishika na kuitikisa. Siku za kwanza ililia kwa uzito, kama kitu kilicholewa usingizi. Baadaye ikawa inacheza kachakacha, imejaa vilevile, na moyo wake ukatulia. Kisha anamsimamia mumewe, naye mume anafungua kopo lake jeupe la dawa, anatupia kinywani, anashushia na maji.

"Umemeza?"

"Nimemeza, nesi. Nifungue mdomo uchungulie?"

"Zamani ulikuwa unakunja uso."

"Nimezoea. Siku hizi vinateleza vyenyewe."

Hata vidole vikapata nafuu. Siku moja kisu kilimpitia kwenye dole gumba, naye akauinua mkono kumwonyesha mkewe. Jeraha lilikuwa limeshafunga.

"Si kwa sababu umenisikiliza?" mke alisema.

"Nimekusikiliza, mama watoto. Ningeoa mwingine, sasa hivi ningekuwa marehemu."

Walicheka wote wawili, mume akiwa na uzi mdomoni. Kicheko hicho ndicho mjane anachokikumbuka zaidi ya maneno.

Msibani hakumpa wifi mkono. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Chupa ya kabatini haikuwa imeguswa. Basi dada mtu, aliyezoea kupita benchini na mkoba wake, alikuwa akimpa kaka yake nyingine kwa siri. Aliyasema hayo mbele za watu, kwa sauti. Wifi alilia nje, kwenye ngazi, na majirani wakampita kama ndoo iliyosahauliwa.

"Nilimpa chupa moja, wifi," alikuwa akisema kupitia mlangoni. "Moja tu, haki ya Mungu."

Ilipofika siku ya kupanga vitu vya marehemu, shemeji mkubwa alichoka na ugomvi huo. Akawaita wote wawili mezani. Mjane alikuja na chupa nyeusi, akaitua kwa kishindo.

"Hii hapa, shemeji. Imejaa! Nilikuwa naitikisa kwa mkono wangu huu. Sasa aseme, hizo zilizomuua kaka yake alimpa lini?"

"Ifungue basi, shemeji."

"Ya nini? Sauti yake naijua."

Wifi ndiye aliyeichukua. Kifuniko kikakataa, kikakubali. Akaimimina yote mezani.

Vilivyotawanyika vilikuwa vyeupe, vikavu, kila kimoja na mstari katikati.

Kile kiatu bado kiko juu ya benchi, soli imeshonwa nusu. Mwenyewe hajaja kukidai. Kando yake lipo kopo jeupe la dawa, na ndani vimebaki vidonge vichache, laini, vya rangi ya dhahabu.