Vidole vya Mama wa Zamani

"Artiste, uyu mama hajasaga hata siku moja," akasema Laurentine, anayelima mboga za lengalenga kando ya mto Lubumbashi, akiitazama sanamu yangu.

Nilikuwa nimeimaliza asubuhi ile: mwanamke wa kale, wa kabla ya chuma, amepiga magoti ukingoni mbele ya jiwe la kusagia. Siku kumi za udongo wa kichuguu. Kesho wageni wangekuja kuitazama.

"Mama, nilisoma vitabu."

"Vitabu iko na magoti?"

Akaweka chini ndoo yake, akavua kandambili, akapiga magoti kwenye tope. Akaanza kusaga, mikono mitupu, kama bibi yake alivyomfundisha.

Nikatazama miguu yake. Vidole vilikuwa vimepinda, vimeishika ardhi, na kila alipojisukuma mbele vilizama zaidi. Vya sanamu yangu vilikuwa vimelala kama vya mtu anayesali kanisani.

"Nguvu inatokaka uku chini," akasema.

Nikachukua kisu, nikaikata sanamu miguu yote miwili. Mahali pake nikaweka madonge ya udongo mbichi.

"Tia vidole vyako vya miguu hapa, mama, nipate alama yake."

Akacheka. Kisha akashuka mtoni kunawa miguu kwanza, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu.