Kupe Amfundisha Fahali Kutulia

Wasemao husema kwamba Kupe alihamia nyuma ya sikio la Fahali. Damu ilikuwa tele, ila Fahali kila alipowashwa alijisugua kwenye mti, na asubuhi moja Kupe aliponea chupuchupu kupondwa.

"Bwana Fahali," akanong'ona, "wenye hekima hawajikuni. Fumba macho, fuata pumzi yako, uutazame muwasho mpaka uishe wenyewe."

Fahali hakujua kubisha. Akafumba macho, akatulia kutwa nzima. Kupe akanywa mpaka akavimba kama kunde, akijisemea kuwa wajinga ndio waliwao.

Jioni Fahali akasema, "Mwalimu, zamani nilijua nawashwa tu. Leo nimetulia, nahisi muwasho wenyewe una miguu."

Kupe akaacha kunyonya. "Hayo ni mawazo tu, mwanangu. Yaache yapite."

"Miguu minane. Na kila ukisema, mwalimu, inatikisika."

Kupe akaikunja miguu yake yote chini ya tumbo.

"Bi Yangeyange," Fahali, macho bado ameyafumba, akamwita ndege aliyekuwa akidonoa wadudu karibu, "njoo nyuma ya sikio la kushoto. Ila mdonoe kwa adabu, huyo ni mwalimu wangu."