Chuma Nyuma ya Kiti

Kitovu cha Mbelwa kilizikwa chini ya mfenesi ulioinamia njia ya shambani, na mama yake hakuruhusu panga liuguse. Ndiyo maana kila alipopita hapo na trekta lake dogo, Mbelwa alikilaza kile chuma kirefu cha nyuma ya kiti, kinachomkinga dereva trekta likipinduka, kisha akalima mteremko mzima kikiwa kimelala.

“Kisimamishe, baba Tatu,” mkewe Shemsa alimwambia. “Siku likikulalia, nitakukwangua kama ukoko!”

“Kikisimama kinanasa kwenye tawi. Kamwambie mkweo alikate, tuone!” Mbelwa akacheka, akaondoka.

Shemsa akaenda kweli. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage uani.

“Unataka nimkate mwanangu?”

“Nataka arudi mzima, mama.”

Kule mteremkoni gurudumu moja la trekta likainuka, likaning'inia, likatua. Ungo wa maharage ukamponyoka mama. Akaingia ndani, akatoka na panga. Chini ya mfenesi akalipapasa lile tawi kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa.

“Nishikie hapa,” alisema.

Shemsa akalishika kwa mikono miwili. Lilikuwa likitetemeka, na panga bado halijafika.