Kijiko cha Mchana

Kijiko kiligonga bakuli, na ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa Ramadhani.

Kazija alisimama kimya uani kwake, sikio kalibana kwenye ua wa makuti uliomtenganisha na wifi yake, Mboni. Kijiko kikagonga tena. Kisha ikaja harufu ya uji wa mtama.

"Nilijua tu," alinong'ona, karibu acheke. "Mwili ule haujengwi na daku peke yake!"

Mboni alikuwa mnene, tena wa kuonekana tangu kona ya soko. Marehemu mama yake alikuwa hivyo hivyo, na shangazi zake pia. Lakini mdogo wake Mboni, Bakary, ambaye ndiye mume wa Kazija, alichukua umbo la baba yao, mwembamba kama ufito. Basi Kivinje nzima ilikwisha kuamua nani mlaji na nani mfungaji.

Hata nesi aliyekuja kuzungumza na kina mama kabla ya mfungo hakufua dafu. "Unene hauletwi na sahani peke yake," alisema. "Kuna ukoo, kuna dawa, kuna mawazo, kuna kukosa usingizi. Na ugonjwa wa sukari hauchagui mwili."

"Kumbe sahani zimeonewa!" Kazija alidakia, na kina mama wakaangua kicheko. Mboni naye alicheka, huku akivuta kanga kufunika mikono yake. Ilimuuma.

Siku chache baadaye Mboni na Bakary walikwenda hospitali, mjini Masoko. Walirudi na mfuko wa dawa, kaubeba Mboni. Kazija hakuuliza. Aulize nini, na jibu linatembea mbele yake? Majirani aliwaambia yeye mwenyewe kuwa ni dawa za kupunguza mwili.

Sasa kijiko hiki. Mboni aliishi kwa kuuza futari: mihogo ya nazi, tambi, kaimati. Mwaka huu Bi Maimuna, mkubwa wa kina mama wa msikiti, alikuwa akitafuta mpishi wa futari ya msikitini, na jina la Mboni ndilo lililotajwa kwanza. Lakini nani atapeleka msikitini chakula cha mtu asiyefunga?

Kazija alijitupia mtandio, akaenda kwa Bi Maimuna.

"Shikamoo, Bi Maimuna."

"Marahaba, mwanangu. Jua lote hili?"

"Njoo usikie mwenyewe. Nikisema mimi, mtaniambia ni mambo ya mawifi."

Bi Maimuna alifuatana naye, akasikiliza kwenye ua; kijiko kikagonga, uso ukamshuka. Alimpenda Mboni. "Tumwite Bakary kwanza," alisema. "Ni dada yake, baba mmoja mama mmoja."

"Bakary umpate wapi saa hizi? Akishaswali adhuhuri hatoki msikitini mpaka alasiri, anasoma Qur'ani. Na saumu inavyomtesa, maskini! Usiku kucha ni kunywa maji na kutoka nje, kunywa maji na kutoka nje. Amekonda mpaka suruali zinamvuka. Lakini hujamsikia kulalamika." Sauti ya Kazija ilijaa fahari. "Ndugu wawili hao, mmoja kapewa imani, mwingine kapewa tumbo."

"Astaghfirullah, Kazija. Ulimi huo."

"Ulimi wangu umefunga, Bi Maimuna. Twende ukaone usiofunga."

Walizunguka mpaka mlango wa jiko la Mboni. Kazija hakupiga hodi. Aliusukuma mlango kwa mikono miwili, na maneno yote aliyoyaandaa yakiwa mdomoni.

Mboni alikuwa amekaa juu ya mbuzi, akikuna nazi za futari, midomo imemkauka kwa saumu.

"Karibu, wifi," alisema kwa upole, bila kuacha kukuna. "Ila mwache kwanza amalize uji, nesi kasema dawa zake za sukari hazimezwi tumbo tupu."

Na kule pembeni ya jiko, kofia ya msikitini kichwani na mfuko wa dawa mapajani, Bakary aliketi, kijiko kimemgandia mdomoni.