Buti za Mlima wa Maombi

Bienfait alishuka mlima wa maombi pekupeku, na ndani ya mfuko wake mlikuwa na buti nzimanzima, zimefunikwa kwa koti na Biblia.

Changarawe zilimchoma, naye akajikaza. Chini, waumini wenzake walikuwa wakimsubiri.

"Biatu yako iko wapi, ndugu?" pasta akamuuliza.

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. "Bameikamata, pasta. Nilimuona Modeste anateremuka nayo ndani ya koti."

Na kweli alimwona. Juu ya mlima ule wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale hakuna anayeomba na viatu miguuni. Ardhi ile ni takatifu, kwa hiyo kila mtu huacha vyake kwenye mstari wa mawe. Siku hiyo Bienfait alifumbua macho katikati ya sala, akamwona Modeste, sauti kuu ya kwaya, akiondoka mapema. Kiatu cha Bienfait, kile kilichofungwa kwa waya, kilikuwa kinachungulia kwenye koti lake. Bienfait alipofika kwenye mawe, viatu vyake havikuwepo. Palikuwa na buti.

Na buti zenyewe sasa! Bienfait ni mtoto wa fundi viatu wa mji wa Baraka, Kongo, hadanganywi na rangi. Aliikunja moja, ikapinda kwenye vidole, si katikati ya wayo kama takataka za sokoni. Soli ilikuwa imeshonwa kwa uzi mnene, haikubandikwa kwa gundi tu. Ulimi wa buti, ule wa chini ya kamba, ulikuwa umeunganishwa pande zote mbili ili maji na mchanga visipenye, na shingoni mlikuwa na sponji ya kulinda kifundo. Akajua ni za mmoja wa wageni waliokuja siku hiyo kutoka Biharwe. Lakini Jumatatu alitakiwa kuanza kazi ya ulinzi huko Ruti, Mbarara, na mkubwa wa kazi alishamwambia kwamba asiye na buti nyeusi asijisumbue kufika. Wiki mbili nzima kanisa lilikuwa likimwombea kazi hiyo. Alijaribu kujiambia kwamba hili ndilo jibu la Mungu, ila Mungu hana desturi ya kuleta mtumba. Akazitia mfukoni.

Jioni ile Modeste aliitwa mbele ya wazee wa kanisa.

"Ndiyo, pasta, ni miye niliikamata," alisema. "Niliitupa ndani ya choo."

"Juu ya nini?" pasta akamuuliza sababu.

Modeste aliangalia sakafu. "Sina ya kusema."

Wakamtoa kwenye kwaya na kumnyima meza ya Bwana kwa miezi mitatu. Akaonyeshwa benchi ya nyuma, karibu na mlango, akaenda kukaa. Bienfait alimtazama mwenzake akiaibishwa kwa ajili ya viatu ambavyo hata mbwa asingevitafuna, hali mwenyewe ana buti za watu mfukoni. Akaukumbatia mfuko, akatoka nje.

Huko Ruti buti zilimkaa kama zimepimwa mguuni mwake, mguu mkubwa ambao tangu ujana ulimtesa kuutafutia viatu. Alisimama getini kwa muda wa saa kumi na mbili bila miguu kuvimba. Mvua ilinyesha mchana kutwa, soksi zikabaki kavu. Eriya, mkubwa wake, mwanajeshi mstaafu, hakuchoka kuzisifu.

"Wewe Mkongo, buti yako iko sawa kabisa. Hii ni ya kupanda mlima. Miaka kumi haiwezi kufa!"

Kila sifa ilimchoma. Kila mwanamume aliyepita na kumtupia jicho miguuni, Bienfait alimdhania ndiye mwenye buti. Akazoea kusimama nyuma ya ndoo ya maua ili miguu isionekane. Aliona aibu kula, aliona aibu kusali. Angefurahi buti zile zingechanika, lakini hata uzi mmoja haukufumuka.

Mwezi wa pili mkewe, Madeleine, alimpigia simu.

"Bibi ya Modeste hachotake tena maji pamoja na sisi. Batoto banamuita bwana yake mwizi wa biatu. Ile biatu yako mubaya, Bienfait! Ungelimusamehe tu."

Aliaga, akageukia ukutani, akalia kama mtoto.

Jumapili iliyofuata aliomba ruhusa, akarudi Nakivale. Kanisa lilikuwa limejaa. Alienda moja kwa moja mbele, akainama, akafungua kamba, akaziweka buti mezani mbele ya pasta, akabaki na soksi.

"Siku ile mulihukumu Modeste, miye nilikuwa na hizi ndani ya mufuko," alisema. "Niliiba. Kisha nikamuchongea ndugu yangu. Mwenye buti akuje azikamate, na aniite jina lenye anataka."

Watu wakaguna. Hakuna aliyeinuka.

"Ni ya bageni ba Biharwe," Bienfait akasema.

Pasta akatikisa kichwa. "Bale barudiaka kwabo na biatu yabo yote. Nilibasindikiza miye mwenyewe."

Ndipo benchi ya nyuma ikalia. Modeste alikuwa amesimama, anakuja mbele taratibu, na watu wakampisha. Bienfait hakurudi nyuma. Akafumba macho, akangoja kofi, maana alilistahili.

Kofi halikuja. Modeste aliiokota buti moja, akaibonyeza ncha kwa kidole gumba, akamsogelea sikioni, akanong'ona ili mabenchi yasisikie:

"Haikufinye ku bidole, ndugu? Numero niliikisia na macho tu."