Jeneza Jepesi

"Jeneza ni la maiti, Melania! Nikupe uzikie dumu la maji?"

"Ndiyo, kaka. Limekufa kwa kiu."

Wanawake waliobanana mlangoni mwa karakana wakaangua kicheko. Fundi Gaudensi hakucheka. Tangu serikali iuze mabomba ya mji kwa kampuni, maji yalikuwa ya wenye pesa, na adhabu ya mkutano wa zaidi ya watu watano ilikuwa kifungo. Mazishi tu ndiyo hayakuhitaji kibali.

"Wakigundua, watamtafuta fundi aliyelitengeneza."

"Watakutafuta, sikufichi. Lakini leo mwanao umemwogesha na nini?"

Asubuhi ile mkewe alikuwa amemfuta mtoto kwa kitambaa chenye unyevu. Gaudensi akashusha jeneza, akalaza dumu kavu ndani, akagongomea misumari minne.

"Mbele nabeba mimi," akasema. "Ninyi mtaliangusha."

Barabarani watu wakasimama, na kama ilivyo desturi, wanaume wakaja mbio kupokezana. Kila aliyeweka bega alishtuka kwa wepesi wa jeneza, akanong'onezwa, akatabasamu, na hakurudi kwenye shughuli zake. Walipokaribia lango la kampuni, barabara ilikuwa imejaa hadi kona, na wimbo wa mazishi ulikuwa umeanza kuchezeka.

Askari wa langoni akavua kofia, akaja kupokea upande wa Gaudensi. Jeneza likatua begani mwake. Akalipima, akageuka akamkazia Gaudensi macho.

Kisha, jeneza likiwa bado begani, akapiga hatua, kuelekea langoni.